Kizingiti

Ngoma ilijibu bila kuulizwa, na hapo ndipo balaa lilipoanzia.

Ilikuwa harusi ya mchana. Babu wa bwana harusi alipanda jukwaani kutoa nasaha, mtu mzima mwenye haiba yake, mkongojo mkononi. Ukumbi ukanyamaza. "Wajukuu zangu," akaanza, akagonga mkongojo sakafuni kutia mkazo, na ngoma ya umeme iliyokuwa nyuma yake, ambayo haikuwa na mtu, ikaitikia: du! Watu wakatazamana. "Ndoa ni uvumilivu," babu akagonga tena. Du! Alipofika kwenye "mheshimiane", meza zote zilikuwa zimeinamiwa na watu wenye kicheko, bibi harusi anajifuta machozi kwa shela, na babu wa watu anageuka huku na huku akimtafuta anayemchezea shere.

Karibu na mlango wa jikoni kulikuwa na mwanamke mmoja ambaye hakucheka. Pale ukumbini walimwita Mama Vitambaa, maana ndiye aliyefua, kupiga pasi na kutandika vitambaa vya meza. Mumewe ndiye aliyekuwa mpiga ngoma wa bendi ya ukumbi, na jina lake la kazi lilikuwa Radi. Mama Vitambaa alijua kwa nini ngoma inajisemea ovyo kama mlevi. Asubuhi ile alikuwa na haraka, akakishusha kizingiti kupita kiasi.

Ngoma hizi za umeme hazina ngozi ya mnyama wala tumbo la mti. Juu zimewambwa wavu mgumu, na chini ya wavu kuna kihisi kidogo kinachopokea pigo na kulipeleka kwenye kisanduku chenye vitufe. Kisanduku ndicho kinachotoa mlio kwenye spika. Sasa, ndani ya kisanduku kuna kipimo ambacho mafundi wanakiita kizingiti. Pigo lisilokivuka halihesabiwi kuwa pigo, linaachwa mlangoni. Ukikiinua, wataingia wenye misuli tu. Ukikishusha, hata mkono mgonjwa unakaribishwa ndani. Ukikishusha mno, unaingia hata mtikisiko wa mkongojo wa babu.

Na mkono wa Radi ulikuwa mgonjwa. Bega lake la kulia liliteguka siku alipoamriwa kupandisha spika za ukumbi kwenye ngazi, kazi isiyo yake, kwa kuwa Mwenye Ukumbi hakutaka kukodi wapagazi. Spika ilimponyoka, bega likaifuata. Mwenye Ukumbi alikuja mbio, akampa pole, kisha akauliza kama spika imepona.

Radi aliporudi kazini, pigo lake la kulia lilikuwa jembamba, la mtu anayebisha hodi huku akiomba asisikike. Fundi wa zamani, ambaye baadaye alihama, alimwonea huruma Mama Vitambaa, akamvuta pembeni, akamwonyesha. Kaza skrubu za wavu, moja hapa, inayofuata ng'ambo yake, ili wavu uwe sawasawa na kijiti kiruke chenyewe bila kusumbua bega. Kisha ongeza wepesi wa kihisi. Kisha shusha kizingiti. Basi kila siku ya harusi, kabla wengine hawajafika, Mama Vitambaa alitandika meza zake, akapanda jukwaani, akafanya hivyo. Mumewe akija, akikaa, kijiti kinaruka, ngoma inanguruma. Akaamini amepona.

Hakuamini peke yake. Nyumbani kulikuwa na Bibi, mama yake Radi, aliyemkanda mwanawe kila jioni kwa mafuta aliyoyachemsha mwenyewe. "Mafuta yangu hayo," alimwambia kila jirani aliyemkuta na sikio. "Hospitali walishindwa. Mimi sikushindwa." Majirani wakaanza kuja na vichupa kuomba. Mama Vitambaa akiulizwa alijibu, "Ndiyo, mafuta ya mama ni dawa," na maneno yakampita kooni kama kidonge kisicho na maji. Angesema nini? Mume anacheka tena, mkwe ana heshima mtaani, kodi inalipwa. Ukweli ungemfaa nani?

*

Baada ya kituko cha babu, Mwenye Ukumbi alimwita fundi wake mpya. Huyu alikuwa mtu wa makamo, mtaratibu, anayevaa waya shingoni kama wengine wanavyovaa mkufu, na ndiyo maana wakamwita Fundi Waya. Akafungua kisanduku, akabonyeza, akaguna.

"Nani kaweka hivi? Hii imewekewa mtoto mchanga. Ukiipumulia inalia."

"Irudishe ilivyotoka kiwandani," akasema Mwenye Ukumbi.

Akairudisha. Na skrubu za wavu akazilegeza, maana alisema zimekazwa hadi wavu unalia. Mama Vitambaa alikuwa nyumbani akifua vitambaa vilivyomwagikiwa mchuzi. Hakuna aliyemwambia, kwani nani amwarifu dobi habari za ngoma?

Harusi iliyofuata Radi alikaa kwenye kiti chake, akavuta pumzi, akaanza. Mguu ukasikika. Mkono wa kushoto ukasikika. Wa kulia ukaingia na kupotea. Alipiga, hakuna. Akapiga kwa nguvu zaidi, kikatoka kitu kidogo, kisha hakuna tena. Wimbo ukaanza kuchechemea. Mwimbaji, dada mmoja mchangamfu waliyemwita Chiriku, aligeuka mara moja, akageuka tena, akajitahidi kuubeba wimbo mwenyewe. Wachezaji wakasita katikati ya duara. Mama wa bwana harusi akauliza kwa sauti, "Huyu mpiga ngoma kala kweli?" Meza yake ikacheka.

Radi akaukunjua mkono, akautazama, akaukunja tena. Jasho likamtoka. Mama Vitambaa alimwona kutoka mlangoni, na aliona pia kitu ambacho mumewe hakukiona: skrubu za wavu zilikuwa zimetokeza juu, zimelegea. Damu ikamchemka. Wamegusa, akajiambia. Mbwa hawa wamegusa!

Nyimbo zikiwa bado zinaendelea, Mwenye Ukumbi alipanda jukwaani, akamgonga Radi begani, bega lile lile, akasema karibu na kipaza sauti cha Chiriku, kwa hiyo kila mtu akasikia: "Pumzika mzee. Leo radi imepiga nchi nyingine." Kisha akampa ishara Fundi Waya, naye akabonyeza kitufe, na kisanduku kikaanza kupiga mdundo wake chenyewe, ule wa kiwandani uliomo ndani. Bum-cha, bum-cha, bila mtu. Radi akabaki amekaa kwenye kiti chake, vijiti mapajani, mbele ya wageni wote, ngoma zinalia bila yeye. Hakuruhusiwa kushuka hadi wimbo uishe, eti jukwaa lisionekane tupu.

Nani kati yetu angekubali kukalishwa hivyo? Alikubali yeye, kwa sababu ya kodi.

*

"Ni uchovu tu," Bibi alisema jioni ile, akimkanda. "Nimepunguza mafuta siku hizi, nimewagawia watu mno. Kesho nachemsha mengine."

"Mkono ulikuwa umepona, mama," Radi akasema. "Yaani nilikuwa nimepona kabisa. Sasa imekuwaje?"

Mama Vitambaa alikuwa anapiga pasi kitambaa ambacho kilikuwa kimeshanyooka.

Kulipokucha alimfuata Fundi Waya, akamwomba kwa upole airudishe ngoma ilivyokuwa, kimya kimya, yaishe. Fundi Waya hakuwa mtu mbaya. Alijikuna kisogo, akatazama chini. "Dada, mimi sina neno. Lakini bosi kasema asiguse mtu. Kamuulize mwenyewe."

Mwenye Ukumbi alikuwa ofisini, feni inampepea yeye peke yake. Alimsikiliza hadi mwisho bila kumwambia aketi. Kisha akacheka.

"Kumbe ni wewe! Mimi nasema nani anachezea mitambo yangu, kumbe dobi." Akafuta macho. "Sikiliza, Mama Vitambaa. Huo unaitwa udanganyifu. Mimi namlipa mtu kwa mkono wake. Simlipi kwa kisanduku."

"Na Chiriku je?"

"Chiriku kafanya nini?"

"Chiriku mwondolee kipaza sauti, uone kama atasikika meza ya tatu. Mpiga gita mchomolee waya, uone. Hao wote sauti zao zinaongezwa, na hakuna anayewaita wadanganyifu. Ikifika kwa mume wangu ndiyo inakuwa wizi? Yeye hajaongezewa ufundi, bosi. Hapotezi mdundo hata siku moja. Ameongezewa kusikika tu."

Mwenye Ukumbi aliacha kucheka. Hakuzoea kujibiwa na mtu wa mlango wa jikoni. Akazungusha kalamu mezani.

"Na kile kitufe ulichombonyezea jana," akaendelea Mama Vitambaa, sasa sauti inapanda, "kile kisanduku kilichopiga peke yake, mkono ulikuwa wa nani? Mashine ikimsaidia mtu ni udanganyifu, mashine ikimfukuza mtu ni maendeleo. Sivyo?"

"Shusha sauti. Hapa si sokoni." Akatafuta njia ya kushinda. Akaipata. "Haya. Mimi si mkatili. Nitairudisha. Lakini aje aniombe yeye mwenyewe, si mkewe. Siku ya mazoezi, mbele ya wenzake, aseme kwa kinywa chake kwamba mkono wake hauwezi. Akisema hivyo, uweke hicho kizingiti chako popote utakapo."

Mama Vitambaa alitoka mle. Mtu alimvunja mumewe bega kwa ubahili wake, na sasa anataka aombwe msamaha na bega! Na ubaya zaidi, alijua kabisa Mwenye Ukumbi anachofanya. Anamjua Radi. Anajua Radi atakubali kufa kabla hajasema neno hilo.

*

Alimwambia Radi wakati Bibi yupo, kwa sababu aliona akimwambia faraghani ataishia kumwambia nusu. Akamweleza yote: skrubu, wepesi, kizingiti, fundi wa zamani, mkongojo wa babu, na sharti la Mwenye Ukumbi.

Radi akasema polepole, "Kwa hiyo siku zote zile, nilipokuwa narudi hapa nakwambia leo nimewapigia, leo wamecheza, wewe ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

"Unanitazama nikijisifu."

"Ulikuwa unapiga kweli. Mimi nilifungua mlango tu."

"Usinipambie maneno!" Akasimama, kiti kikaanguka. "Umenifanya mwanasesere. Mtu anavutwa kamba kwa nyuma, watu wanapiga makofi, na yeye anainama kushukuru. Afadhali huyo bosi, amenidharau usoni. Wewe umenihurumia kisogoni."

Neno hilo lilimchoma kuliko tusi. Angeweza kujitetea, na utetezi alikuwa nao, lakini alijua lina ukweli wake. "Nilikosea kukuficha," akasema. "Kukushushia kizingiti sikukosea, na sitaomba radhi kwa hilo."

Bibi alikuwa ameshika chupa ya mafuta, mdomo wazi. "Ina maana mafuta yangu..."

"Mafuta yanapunguza maumivu, mama," mkwewe akasema.

"Sikukuuliza yanapunguza nini. Nimewapa watu mtaa mzima!" Akaketi kitandani, akaonekana mdogo ghafla. "Mama wa yule mwashi kaacha vidonge vyake kwa ajili ya mafuta yangu. Na wewe unaniangalia, unasema ndiyo mama, ndiyo mama."

Hilo Mama Vitambaa hakuwa amelifikiria. Akainamisha kichwa. Bibi akajitanda, akavaa viatu, akatoka kwenda kwa mama wa mwashi kumwambia arudie vidonge, na ilikuwa safari ya aibu kuliko zote alizowahi kwenda, lakini alikwenda.

Usiku ule Radi na mkewe walilala wamepeana migongo.

*

Siku ya mazoezi Radi alivaa shati lake la harusi. Mkewe hakujua kama anakwenda kupiga au kuaga, na hakuthubutu kuuliza. Walitembea pamoja, yeye amebeba bunda la vitambaa kichwani, mume hatua moja mbele.

Bendi ilikuwa imekwisha kujipanga. Chiriku na mpiga gita walisalimia, kisha wakashughulika na waya zao kwa bidii isiyo ya kawaida. Fundi Waya alikuwa amesimama kando ya kisanduku. Mwenye Ukumbi alivuta kiti katikati ya ukumbi mtupu, akakaa peke yake, miguu mbele.

"Haya, Radi. Tunakusikiliza. Kupiga au kusema, chochote utakachoanza nacho."

Radi akakaa. Akapiga kwanza, kwenye ngoma iliyoachwa kama ilivyotoka kiwandani, kizingiti juu, wavu umelegea. Alipiga mdundo mzima tangu mwanzo hadi mwisho, na robo tatu yake haikusikika. Aliinamisha sikio karibu kabisa na wavu, akausikia mkono wake ulivyo. Mama Vitambaa aliyafumba macho. Radi alipomaliza, akaviweka vijiti chini.

"Mkono wangu hauwezi," akasema.

Mpiga gita akakohoa. Mwenye Ukumbi akatabasamu, akaweka kiganja nyuma ya sikio. "Hatujakusikia huko nyuma."

"Mkono wangu wa kulia hauwezi," Radi akarudia, sasa kwa sauti ya jukwaani. "Uliumia nikipandisha spika zako, hizo hapo, kwa sababu hukutaka kulipa wapagazi. Wenzangu hawa walikuwepo. Ulisema niseme mbele yao, nimesema." Akamgeukia mkewe. "Mama, njoo uniwekee."

Hakuwahi kumwita jukwaani mbele za watu. Mama Vitambaa aliweka vitambaa vyake juu ya meza, akapanda. Alikaza skrubu moja, akavuka akakaza ya ng'ambo, akapima wavu kwa kiganja, akakaza tena. Radi akampangusia jasho la paji la uso kwa mkono wake mzima, mbele ya wote. Fundi Waya akampisha kwenye kisanduku bila kungoja amri. Akaongeza wepesi. Akashusha kizingiti, kidogo, kikatosha.

"Nani kakuruhusu?" Mwenye Ukumbi alikuwa amesimama. "Nimesema aniombe! Hayo ni maombi? Hayo ni matusi! Shuka hapo!"

"Ulitoa neno lako, bosi," Mama Vitambaa akasema.

"Neno langu ni hili: bendi ina mdundo wa mashine, haina haja ya kilema. Fundi, bonyeza."

Fundi Waya alitazama kitufe, akautazama waya wake wa shingoni. Hakubonyeza. Na Radi akaokota vijiti, akaingia.

Ngoma ikanguruma. Mkono wa kushoto, wa kulia, mguu, mapigo yote yakavuka mlango na kuingia ndani. Chiriku, ambaye alikuwa ametazama sakafu muda wote huo kama wengine, akashika kipaza sauti akaudaka wimbo. Gita likafuata. Hakuna aliyewaambia waanze, na hakuna aliyeweza kuwaambia waache, maana sauti ilikuwa imejaa hadi kwenye mabati.

Mwenye Ukumbi alipiga kelele, kelele zikamezwa. Basi akafanya wafanyavyo wenye mali hoja zinapowaishia. Alikwenda ukutani kwenye swichi kubwa, akaishusha.

Kila kitu kikafa. Taa zikazimika, feni zikapunguza mwendo hadi zikasimama. Gita likabaki nyuzi tupu. Chiriku alikuwa katikati ya neno, na neno lile bila kipaza sauti halikufika hata meza ya mbele. Kisanduku kikawa bubu, pamoja na midundo yake yote ya kiwandani.

Ta. Ta-ta. Ta.

Radi hakuacha. Vijiti vilikuwa vinagonga wavu mtupu, bila umeme, bila spika, na katika ukumbi ule uliokufa hakukuwa na sauti nyingine. Kulia, kushoto, kulia. Pigo la kulia lilikuwa jembamba vilevile, lakini halikuchelewa hata mara moja. Chiriku akasogea karibu, akaufuata wimbo kwa sauti yake ndogo aliyozaliwa nayo. Mama Vitambaa akasimama kando ya mumewe, mkono wake umeshika ukingo wa ngoma, akiyasikia mapigo yakimpanda hadi kiwikoni.

Mwenye Ukumbi alikuwa bado ameshika swichi, hajui ashushe nini tena. "Acha!" akafoka kutoka mwisho wa ukumbi. "Nimesema acha! Acha hizo kelele!"

"Kumbe unanisikia, bosi," Radi akasema, na akaendelea kupiga.